Kabla hujaandika 777, uliza faili ni la nani

Kazini kwetu tunatengeneza kadi za harusi na mabango. Kompyuta ni moja, ina Ubuntu (mfumo wa Linux), na watumiaji ni watatu: mimi, mdogo wangu, na dada anayepokea oda. Asubuhi moja mdogo wangu akaniita: "Kaka, hii kadi imegoma kusevu." Skrini inasema hana ruhusa. Mwenye kadi amekaa kwenye benchi, anatazama saa.

Nikafanya wanachofanya wengi. Nikaandika amri niliyoiokota mtandaoni, sudo chmod -R 777, halafu njia ya folda yetu, /srv/kazi. sudo hukupa mamlaka ya msimamizi, chmod hubadili ruhusa, -R huzibadili mpaka ndani kabisa, na 777 humruhusu kila mtu kufanya kila kitu. Kwa haraka nikaweka nafasi baada ya alama ya kwanza, ikasomeka / srv/kazi. Hiyo / ikisimama peke yake ni shina la mfumo mzima. Amri ya kufuta, rm, siku hizi inakataa kuligusa shina mpaka uilazimishe. chmod haina huruma hiyo.

Nilipogutuka, sudo yenyewe haifanyi kazi tena. Ili ifanye kazi lazima iwe mali ya root, yaani msimamizi mkuu, na iwe na alama ya setuid, inayofanya programu iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye nayo, na 777 huifuta alama hiyo. Hata ufunguo wangu wa SSH, ninaotumia kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao, ukakataliwa: ssh haikubali ufunguo wa siri ambao kila mtu anaweza kuusoma. Nikawasha kompyuta kwa flashi, nikahamishia kazi zetu kwenye hadi diski ya nje, nikapiga Ubuntu upya. Mteja alirudi kesho yake, amenuna.

Kilichoniuma ni kwamba ruhusa hazikuwa na kosa. Jana yake nilikuwa nimefungua zipu ya picha na violezo kwa sudo, kwa hiyo kila kilichotoka humo kilikuwa mali ya root. Ningeandika ls -l tu, amri ya kuorodhesha mafaili, ningeliona neno root pale linapokaa jina la mwenye faili, na tiba ingekuwa chown, amri ya kubadili mwenye faili, kwa folda hiyo moja. Siku hizi hilo ndilo swali langu la kwanza: faili ni la nani, na anayelifungua ni nani? Zile namba zinafuata baadaye, na si ngumu: kusoma 4, kuandika 2, kuendesha 1, unajumlisha kwa mwenye faili, kwa kikundi, kisha kwa wengine wote. Faili la kawaida 644, ufunguo wa siri 600.

Baada ya kupiga Ubuntu upya nikakutana na kioja kingine. Akaunti ya kwanza niliyofungua ilikuwa ya mdogo wangu. Nikachomeka ile hadi diski, iliyoundwa kwa ext4 (mpangilio wa diski wa Linux unaokumbuka mwenye faili), na mafaili yangu yote yakaonekana ni yake! Kompyuta haiandiki majina kwenye faili, inaandika namba. Mtumiaji wa kwanza wa Ubuntu hupewa 1000, wa pili 1001, na kwenye mfumo wa zamani 1000 nilikuwa mimi. Andika ls -ln utaziona namba hizo. Ukihama kompyuta, fungua akaunti kwa mpangilio ule ule wa zamani, utajiokolea jioni nzima.

Sasa folda ya pamoja. Nilifungua kikundi kinachoitwa kazi, nikawaingiza wote watatu kwa usermod -aG, amri ya kumwongeza mtumiaji kwenye kikundi. Usiisahau hiyo a, maana bila hiyo mtu anatolewa kwenye vikundi vyake vingine, pamoja na kile cha wanaoruhusiwa kutumia sudo. Kisha nikaingia ndani ya folda kwa cd, nikatumia nukta badala ya kuandika njia ndefu (nimeshaungua mara moja): sudo chgrp -R kazi . (kukabidhi kila kitu kwa kikundi) halafu sudo chmod -R g+rwX . (kukipa kikundi ruhusa ya kusoma na kuandika). Hiyo X kubwa huziruhusu folda kuingilika bila kugeuza kila picha kuwa programu. Folda yenyewe nikaipa 2770, na ile 2 ndiyo inayofanya kila faili jipya lirithi kikundi cha folda. Angalia pia umask, namba inayoamua ruhusa zipi faili jipya linyimwe: ikiwa 022, wenzako watasoma tu bila kuandika. Inayofaa hapa ni 002.

Nikadhani nimemaliza. Wiki hiyo hiyo dada wa oda akafuta ankara niliyokuwa nimeifunga kwa 444, asiandike mtu yeyote. Alifutaje? Kufuta hakutegemei ruhusa ya faili, kunategemea ruhusa ya kuandika kwenye folda lililomo, na hiyo nilimpa mwenyewe. Folda ya /tmp, ambayo kila mtu anaandika humo, hujilinda kwa alama ya t: hufuti faili la mwenzako. Nikaiongeza kwetu, 2770 ikawa 3770. Ankara niliiandika upya kwa kusoma meseji za mteja kwenye simu.