Intafesi ya chaneli nyingi: hesabu maiki zako kwanza, namba za kwenye boksi baadaye

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina studio ndogo yenye intafesi (kile kiboksi kinachoingiza sauti kwenye kompyuta) ya chaneli mbili. Mpaka sasa nimekuwa nikirekodi waimbaji mmoja mmoja na gitaa, lakini bendi zimeanza kunijia zikitaka kupiga pamoja, dramu zikiwemo. Nimeona intafesi mbili ninazoweza kuzimudu. Moja imeandikwa njia 18 za kuingia na 20 za kutoka, nyingine 16 kwa 16, ila ya pili ni ghali zaidi. Rafiki yangu anasema nisinunue yoyote, niongeze tu intafesi ndogo za chaneli mbili kwenye kompyuta hiyohiyo. Nifuate ushauri upi? Na je, nitafute yenye 192 kHz?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Nimefurahi umeuliza kabla hujatoa hela, maana kosa la intafesi halionekani dukani. Linaonekana siku bendi imeshafunga vyombo, wewe umesimama na maiki mbili mkononi na huna pa kuzichomeka.

Weka hizo namba kando kwanza. Chukua karatasi uandike kila kitakachorekodiwa kwa wakati mmoja. Anza na dramu: kiki maiki moja, sneya mbili, ya juu na ya chini, haihati moja, tomu mbili, na mbili za kuning'inia juu ya seti nzima. Hizo ni 8, na hatujagusa chombo kingine. Besi chaneli moja, gitaa maiki moja mbele ya ampu, kinanda chaneli mbili, mwimbaji wa kuongoza maiki moja. Jumla 13. Sasa zitenganishe: zinazotoka kwenye maiki ni 10, na zile 3 za besi na kinanda zinaweza kuingia kama laini, yaani sauti ambayo tayari ina nguvu ya kutosha. Namba itakayoamua ununuzi wako ni hiyo 10.

Ni kwa sababu maiki hutoa milivolti chache tu, wakati laini ya kistudio, ile mafundi huiita +4 dBu, ni volti 1.23. Anayeipandisha maiki hadi kufika huko ni priampu, na priampu ndiyo sehemu ya gharama ndani ya boksi. Kwa hiyo watengenezaji huziweka chache, kisha njia nyingine hujazwa na vitu vyepesi zaidi.

Angalia ile ya 18 kwa 20. Mara nyingi 18 hizo hugawanyika hivi: 8 za maiki au laini, 8 za kidijitali kupitia ADAT (kebo ya mwanga, nitaieleza mbele), na 2 za kidijitali kupitia S/PDIF (njia ya kidijitali ya chaneli mbili). Maana yake, ukiitoa kwenye boksi leo, maiki utakazoweza kuchomeka ni 8. Tena yale matundu 8 ni ya pamoja: tundu likishika maiki, halipokei laini. Ukijaza dramu, besi na kinanda havina mahali.

Ile ya 16 kwa 16 inaweza kuwa na priampu 16 za kweli, na hapo ndipo bei inapojieleza. Inaweza pia kuwa na priampu 8 na laini 8. Hata hiyo ya pili si mbaya kwa hali yako. Ukiacha maiki ya chini ya sneya na ile ya haihati, unabaki na maiki 8, huku besi na kinanda zikiingia kwenye laini, mradi besi ipite kwanza kwenye priampu yake au itolewe laini kutoka kwenye ampu. Usimwulize muuzaji ina chaneli ngapi. Mwombe aigeuze, uangalie mwenyewe matundu ya nyuma na ya mbele. Tundu la XLR, lile la maiki la pini tatu, au lile linalochanganya XLR na jeki, lina priampu nyuma yake. Tundu la jeki tupu, chukulia ni laini.

Sasa hizo njia 8 za ADAT zisikukatishe tamaa, kwa kuwa ndizo zinazokupa nafasi ya kukua. ADAT ilianza mwaka 1991 kama mashine ya Alesis ya kurekodi traki 8 kwenye kanda ya video. Kanda zimeshakufa, lakini njia yake ya kusafirisha chaneli 8 kwa kebo moja ya mwanga imebaki kwenye intafesi mpaka leo. Unanunua boksi la priampu 8 lenye ADAT, unachomeka kebo moja nyembamba, na maiki zako zinakuwa 16.

Hapohapo ndipo penye jibu la 192 kHz, yaani kuipima sauti mara 192,000 kila sekunde; kila kipimo huitwa sampuli. Kebo hiyo hubeba chaneli 8 kwa 44.1 au 48 kHz. Ukipanda hadi 96 kHz zinabaki 4, na kwa 192 kHz zinabaki 2. Ile namba 18 uliyolipia inakuwa 14, kisha 12 au pungufu. Nimewahi kupokea simu ya fundi mwenzangu usiku, amehangaika akidhani boksi lake jipya limekufa nusu, kumbe prodyuza aliyetangulia alikuwa ameacha mradi kwenye 96 kHz.

Kwa bendi, rekodi kwa 48 kHz na biti 24 (biti ni undani wa kila sampuli). Sikio la binadamu linaishia kwenye mlio wa karibu 20 kHz, na kurekodi kwa 48 kHz hubeba milio hadi 24 kHz. Nyongeza ya juu ya hapo utailipia kwa diski: traki 16 za biti 24 kwa 48 kHz hula takriban MB 138 kwa dakika, yaani GB 8.3 kwa saa. Kwa 192 kHz zidisha mara nne. Ningependa zaidi uzingatie biti 24, zinazokuruhusu kuacha nafasi juu, vilele vikicheza kati ya -18 na -12 dBFS (0 ndiyo kikomo), ili mpiga dramu akipandwa na mori kwenye kiitikio usipate sauti iliyopasuka.

Rafiki yako ana nia njema, ila ushauri wake una tatizo la saa. Kila intafesi ina saa yake ya ndani, kipande cha fuwele kinachopiga mapigo ya kuhesabu sampuli, na hakuna fuwele mbili zinazokwenda sawa kabisa. Tuseme zinapishana kwa sehemu 20 katika milioni. Kwa 48 kHz hiyo ni karibu sampuli moja kila sekunde, na wimbo wa dakika tano unaisha traki zikiwa zimeachana kwa milisekunde 6. Maiki mbili za dramu hiyohiyo zikiachana kiasi hicho, kiki inanyong'onyea. Zaidi ya hapo, kwenye Windows programu nyingi zinazotumia ASIO (mfumo wa draiva za sauti, yaani programu zinazounganisha kifaa na kompyuta) hukubali kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Mac inaweza kuviunganisha viwili vikaonekana kimoja, na ina njia ya kurekebisha kupishana huko, lakini mimi singeiamini kwa kazi ya mteja anayelipa.

Na hata ukiwa na vifaa sahihi, saa inaweza kukuumiza. Nilirekodi kwaya mchana kutwa, maiki nne zikiwa kwenye priampu ya nje iliyounganishwa kwa ADAT. Kila kifaa nilikuwa nimekiacha kwenye saa yake ya ndani. Kwenye hedifoni sikusikia kitu, wimbo ulikuwa wa vishindo. Jioni, wanakwaya wameshaondoka, nikafika mahali ambapo soprano wanashikilia noti moja ndefu, nikasikia tik. Baada ya muda, tik nyingine. Nikarudi mwanzo wa siku: ilikuwa traki zote nne, nyimbo zote. Nikawapigia simu mmoja mmoja kuwaomba warudi, na walirudi, Mungu awabariki, lakini ile sauti ya mara ya kwanza hatukuipata tena.

Kanuni yake ni nyepesi: saa iongoze moja, nyingine zifuate. Kama kebo ya mwanga inatoka kwenye priampu kwenda kwenye intafesi peke yake, iweke intafesi ifuate saa ya ADAT. Kama priampu ina ADAT ya kuingia, au lile tundu la duara la BNC lililoandikwa Word Clock, unaweza kuifanya intafesi iongoze. Unaponunua, hakikisha kifaa kimojawapo kina njia hiyo.

Njia za kutoka watu huzidharau, kisha bendi inakuja. Kwenye ile 20, mara nyingi 10 ni za kidijitali na 10 ni za analogi. Toa mbili za spika zako, zinabaki 8, yaani michanganyiko minne ya stereo kwa hedifoni. Hiyo inatosha bendi ndogo: mpiga dramu apewe metronomu na besi, mwimbaji asikie sauti yake na kinanda. Uliza kama matundu mawili ya hedifoni yanatoa michanganyiko tofauti au yanarudia kitu kilekile.

Intafesi yako iwe pia na mixa ndani yake, inayompelekea mwanamuziki sauti yake bila kupita kwenye kompyuta. Bafa ni fungu la sampuli ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia, na ndiyo inayochelewesha sauti: ya sampuli 64 kwa 48 kHz ni milisekunde 1.3, ya 256 ni 5.3, ya 512 ni 10.7, na hiyo ni safari ya upande mmoja kabla hujaongeza vibadilishaji na draiva. Mpiga gitaa anavumilia, kwani akisimama mita tatu kutoka kwenye ampu tayari anaisikia ikiwa imechelewa karibu milisekunde 9. Mwimbaji ana shida zaidi. Sauti yake anaisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, ile ya hedifoni ikija imechelewa zinagombana, na anaanza kuimba pembeni ya noti bila kujua sababu.

Draiva ndiyo ingenifanya niiache intafesi nzuri dukani. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta draiva ya toleo lako la Windows au macOS, na utazame imesasishwa lini. Apple ilipoanza kubadilisha prosesa zake mwaka 2020, vifaa vizima kabisa vilibaki mapambo kwa sababu hakuna aliyewaandikia watumiaji wake draiva mpya. Aina ya waya isikusumbue sana. USB 2.0 ina Mbps 480, na chaneli 32 za biti 24 kwa 48 kHz zinahitaji kama 37 tu kwa upande mmoja. USB-C ni umbo la plagi. Peke yake haikuambii kasi.

Umeme uwe wa kujitegemea. Tundu la USB 2.0 hutoa wati 2.5, wakati kiwango cha volti 48, umeme ambao intafesi huzilisha maiki za kondensa, kinaruhusu kila maiki kuvuta hadi miliampea 10. Maiki 8 zikifika huko zinahitaji karibu wati 3.8 kabla intafesi haijajilisha yenyewe. Na kama unatumia maiki inayotoa sauti ndogo kama Shure SM7B, priampu iwe na geini (uwezo wa kukuza sauti) ya dB 60 safi, si ile inayoanza kuvuma ukifika robo tatu.

Kwa hiyo: ikiwa ile ya 16 kwa 16 ina priampu 16 na draiva hai, ichukue ukiweza, utalala vizuri. Ikiwa ina 8 na laini 8, chukua ya 18 kwa 20, mradi ina ADAT ya kuingia na mixa ya ndani, kisha tenga fungu la boksi la priampu 8 na ulinunue kabla ya bendi ya kwanza ya watu watano.

Ukishafunga kila kitu, usiwaite watu bado. Peleka mlio wa 440 Hz usiokatika kwenye chaneli moja ya intafesi na moja ya boksi la priampu, fungua traki 16, weka bafa utakayotumia kweli, rekodi saa nzima. Usipime kwa ukimya, kwa sababu sampuli iliyorukwa kwenye ukimya haisikiki. Kwenye mlio mrefu itasikika tik. Ikitokea upande wa ADAT pekee, rudi kwenye saa. Ikitokea pande zote mbili, ongeza bafa, chomoa kituo cha kugawa USB kama unacho, kisha urudie saa nyingine.