Nimeachishwa kazi, matunzo ya mtoto yamenielemea. Nitafungwa?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Niko Houston, Texas. Ghala nililokuwa napakia mizigo lilitupunguza mwezi Februari, na tangu hapo naishi kwa vibarua. Matunzo ya binti yangu sijalipa kama mahakama ilivyoamuru. Leseni yangu ya udereva imesimamishwa, hivyo hata vibarua vya mbali sivifikii. Juzi nimeletewa wito wa mahakama. Rafiki zangu wanasema nisiende, nitatiwa pingu palepale. Nifanyeje? – Baba Neema

JIBU: Marahaba, Baba Neema, na pole. Hao rafiki zako wanakupoteza. Anayekwepa wito ndiye hutafutwa na polisi.

Nimekuwa mkalimani mahakamani miaka mingi, na nimeona wababa wakisimama mbele ya jaji na kusema "sina kazi" mikono mitupu. Wewe beba barua ya kupunguzwa, stakabadhi za vibarua, na maombi ya kazi uliyotuma. Yaliyomo kwenye simu yachapishe. Mwaka 2011, katika kesi ya Turner dhidi ya Rogers, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mzazi asiye na wakili hawezi kufungwa kwa deni hili bila utaratibu wa kupima kama kweli anao uwezo wa kulipa. Texas yenyewe humpa wakili mtu asiyejiweza anayekabiliwa na kifungo. Mwombe. Na mkalimani mwombe kabla ya siku yenyewe.

Kisha taja NCP Choices. Ni mpango wa Texas ambao jaji huamuru mzazi asiye na kazi aende ofisi ya ajira, asaidiwe kutafuta kazi au mafunzo, huku akifuatiliwa. Si mteremko: ukitega vikao, unarudishwa kwa jaji yuleyule. Leseni nayo iulizie hapohapo, maana mara nyingi huachiliwa mkikubaliana namna ya kulipa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ukimya wako tangu Februari. Tangu 1986 sheria ya shirikisho inazuia majaji kupunguza malimbikizo ya nyuma. Kiwango hushuka tu kuanzia pale ombi lako linapomfikia mama Neema rasmi, na Texas hutoza riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Kwa hiyo peleka ombi la kupunguziwa wiki hii, usingoje tarehe ya wito. Na hizo hela unazompa mama Neema mkononi (najua unampa!), zipitishe kwa serikali, hata ziwe dola 20.