Maswali ya Wasomaji: Likizo ya Juni, Vitabu na Watoto Wetu

Shule zinakaribia kufungwa, na barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtoto afanye nini na vitabu wakati wa likizo, na maktaba imsaidieje. Nimechagua barua nne. Anayejibu alikaa nyuma ya meza ya maktaba kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo wasomaji wanisamehe pale nitakapoitetea fani yangu kupita kiasi.

Swali: Mheshimiwa mjibu maswali, mwanangu sasa yuko darasa la tatu. Shule zilipofungwa mwezi Desemba alikuwa akisoma aya nzima bila kukwama, lakini zilipofunguliwa Januari mwalimu aliniita akaniambia kwamba ameanza tena kusoma kwa silabi. Je, mtoto anaweza kusahau kusoma kwa mwezi mmoja tu? Nimtafutie twisheni mwezi Juni? *Mama wa watoto watatu, Nkuhungu, Dodoma.*

Jibu: Mama, mwalimu hakukosea, na wewe hukuzembea. Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu, hasa Marekani, ambako likizo ya majira ya joto huchukua wiki kumi hivi. Barbara Heyns alichapisha mwaka 1978 utafiti wake kuhusu wanafunzi wa mji wa Atlanta, na mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake wakaziweka pamoja tafiti nyingi za aina hiyo, wakaona kwamba kwa wastani mwanafunzi hurudi shuleni akiwa amepoteza kiasi cha mafunzo ya mwezi mmoja. Hesabu ndiyo iliyoumia zaidi. Katika kusoma, watoto wa familia zenye uwezo walibaki pale pale au wakasonga mbele kidogo, ilhali wale wa familia maskini walirudi nyuma. Watafiti waliofuata wamebishana kuhusu ukubwa wa pengo hilo, lakini mwalimu yeyote wa darasa la kwanza na la pili amewahi kuliona kwa macho yake.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Watu husema aliyejua baiskeli hasahau, lakini mtoto wa miaka minane hajafika huko. Bado analiunganisha neno herufi kwa herufi, na kazi hiyo inamchosha kiasi kwamba akifika mwisho wa sentensi amekwisha kuusahau mwanzo wake. Wepesi huja kwa kurudia, kama vidole vya anayejifunza kusuka ukili, na anayeanza kujifunza akikaa mwezi mzima bila kugusa, vidole huwa vizito. Katika vijiji vyetu vya Dodoma kuna jambo la pili. Mtoto anayezungumza Kigogo nyumbani mchana kutwa huenda akapitisha likizo nzima akisikia Kiswahili kidogo tu, na Kiswahili ndicho anachokisoma darasani. Hapa sisemi Kigogo kiachwe, la hasha. Msimulie hadithi kwa Kigogo, naye akusomee kitabu kwa Kiswahili, kisha mkizungumzie kwa lugha yoyote iliyo karibu na ulimi.

Kuhusu twisheni, mimi ningekushauri uiache kwa mtoto wa umri huo. Twisheni nyingi nilizoziona ni darasa lile lile, ubao ule ule na kukariri kule kule, tofauti ni kwamba mzazi amelipa mara ya pili. Anachohitaji mtoto huyu ni kitabu alichokichagua mwenyewe na mtu wa kumsikiliza. Vyote viwili ni vya lazima, kwa sababu James Kim, mtafiti wa Marekani, aliwapelekea watoto vitabu wakati wa likizo akaona kwamba vitabu peke yake havikuleta tofauti ya maana. Tofauti ilionekana pale walimu walipowaandaa watoto kabla ya likizo kwa kuwafundisha namna ya kujiuliza maswali juu ya walichosoma, na pale watoto waliposoma kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani.

Fanya hivi. Jioni, wakati unachambua mchicha au unabangua karanga, mwite akae karibu nawe asome kwa dakika ishirini. Akikwama, usimtajie neno papo hapo. Hesabu kimyakimya hadi tano, na mara nyingi utaona midomo ikicheza kabla neno halijatoka. Asipolipata, mtajie aendelee, bila kumkaripia. Kitabu akichague kwa vidole: afungue ukurasa wa katikati, akunje kidole kimoja kwa kila neno asiloliweza, na vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho kingali kizito, akirudishe achukue kingine. Na akitaka kukirudia kitabu kile kile mara nne, mwache akirudie.

Swali: Sisi ni vijana watano wa kujitolea. Ofisi ya kata imetupa chumba, nasi tumepata vitabu vipatavyo 90 vya msaada, vingi vikiwa vya Kiingereza kutoka nje. Tumesikia kwamba maktaba za Uingereza na Marekani huwa na mashindano ya kusoma wakati wa majira ya joto, watoto wakipewa medali. Tunataka kuanzisha kitu kama hicho Juni hii. Tuanzie wapi? *Katibu wa kikundi, Kongwa.*

Jibu: Ndugu Katibu, hongereni. Ni kweli, maktaba za Marekani zilianza shughuli hizo tangu mwishoni mwa karne ya 19, na Uingereza ina mpango wa nchi nzima ulioanza mwaka 1999, ambao humtaka mtoto asome vitabu sita vya chaguo lake katika likizo ya wiki sita hivi, akipata vibandiko njiani na cheti na medali mwishoni. Chukueni wazo hilo, lakini msichukue kalenda yake. Kiangazi chetu hakina uhusiano na kufungwa kwa shule, kwa kuwa Dodoma jua linawaka tangu mvua zikatike hadi zirudi mwishoni mwa mwaka. Tunachopaswa kukitazama ni shamba. Desemba watu wanapanda, na mtoto wa Kongwa yuko shambani na wazazi wake. Juni kuna mavuno ya mtama na uwele pamoja na mifugo ya kuchunga, ila kazi hizo humalizika mapema kidogo. Kwa hiyo fungueni chumba kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili kasoro, msishangae asubuhi kikiwa kitupu, na mwezi Desemba ridhikeni na siku mbili kwa wiki.

Sasa vitabu. Vimwageni vyote 90 sakafuni mvichambue bila huruma. Kitabu kinachoeleza namna ya kutengeneza sanamu ya theluji kinaweza kumfurahisha mtoto wa kidato cha pili, lakini mtoto wa darasa la pili hatapata pa kukishikia. Ninakisia kwamba mtabaki na 20 au 25 vinavyofaa, na si hasara. Rafu yenye vitabu 25 vinavyosomeka humvuta mtoto kuliko ile ya 90 anayoiogopa. Kisha tafuteni vya Kiswahili. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, umesaidia kuchapishwa kwa vitabu vingi vya hadithi vya Kiswahili kwa ajili ya shule za msingi, na baadhi yake vimelala katika makabati ya walimu wakuu vikiwa vimefungiwa visichafuke. Nendeni na barua ya kata, mkaviombe kwa likizo moja, mkiahidi kuvihesabu mbele ya mwalimu siku ya kuvirudisha. Andikeni pia kwa Maktaba ya Mkoa, kwa sababu Bodi ya Huduma za Maktaba imekuwapo kisheria tangu miaka ya 1960 kwa ajili ya kazi kama hii yenu, na mkutubi anaweza kuwafundisha kwa asubuhi moja namna ya kuorodhesha vitabu na kutunza kumbukumbu.

Jambo nitakalolisisitiza hadi mnichoke ni hili: mtoto aende na kitabu nyumbani. Najua hofu yenu, kwamba kitapotea, kitachanika, kitawashiwa moto wa jikoni. Vichache vitapotea kweli. Lakini kitabu kilichokaa salama rafuni mwezi mzima kimempa mtoto nini? Kule Florida, Richard Allington na Anne McGill-Franzen waliwapa wanafunzi wa shule za watu maskini vitabu 12 kila likizo kubwa, kwa miaka mitatu mfululizo, vitabu ambavyo watoto walivichagua wenyewe na ambavyo vilikuwa mali yao, na mwishoni watoto hao walisoma vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa. Nyinyi hamna uwezo wa kugawa, ila kuazimisha mnaweza. Daftari la kurasa 96 linatosha: chora safu za tarehe, jina la mtoto, jina la kitabu, na tarehe ya kurudisha. Kila kitabu kifungwe jalada la nailoni, na kila mtoto apewe mfuko wa kukibebea. Mfuko uliokuwa wa unga wa kilo mbili, ukikung'utwa vizuri, unafaa kabisa.

Anaporudisha, msimfanyie mtihani. Hapa ndipo programu nyingi hufia, mtoto akigundua kwamba kila kitabu kina maswali kumi nyuma yake. Muulizeni swali moja tu ambalo hata nyinyi hamjui jibu lake, kwa mfano: ungekuwa wewe ungemfungulia fisi mlango? Kisha mwacheni aseme. Medali si lazima. Bandikeni ukutani karatasi ya manila yenye mbuyu usio na majani, na kila kitabu kinaporudi mtoto abandike jani lenye jina lake na la kitabu. Mbuyu ni wa wote, hivyo anayesoma polepole haonekani wa mwisho. Ilhali mashindano ya nani kasoma vingi zaidi huwazawadia wale wale waliokwisha kujua kusoma, na wengine hujifunza kufunua kurasa haraka haraka.

Rafu iwe na nafasi kati yake na ukuta, na miguu yake iwe ndani ya makopo yenye oili chafu. Mchwa wa Kongwa hawahitaji kadi ya uanachama.

Na msikae na vitabu vile vile. Baada ya mwaka 1970, kampeni za elimu ya watu wazima zilipopamba moto, maktaba ndogo zilianzishwa katika vijiji vingi vya nchi hii, na nyingi zikafifia baadaye kwa kuwa msomaji aliyemaliza rafu yote hakuletewa kitu kipya. Tafuteni kikundi kingine katika kata jirani, kila likizo mbadilishane masanduku.

Swali: Nilimtuma mwanangu wa miaka kumi kwenye maktaba moja, mlinzi akamrudisha mlangoni kwa sababu amevaa kandambili na miguu ina vumbi. Je, ni sheria? *Baba mwenye hasira, Dodoma.*

Jibu: Baba, vumbi la Dodoma likiwa sababu ya kumzuia mtu, maktaba itabaki na mlinzi peke yake. Kunawa mikono kabla ya kushika kitabu ni ombi la haki, na ndoo ya maji mlangoni inalimaliza jambo. Nenda naye mwenyewe siku ya kazi, umwone mkutubi anayesimamia sehemu ya watoto, umweleze kwa upole yaliyotokea na uulize masharti ya kumwandikisha mtoto. Mara nyingi mlinzi ametunga sheria yake, na walio ndani hawana habari.

Swali: Shikamoo. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na Julai natarajia kuanza kidato cha tano. Nakaa tu nyumbani na simu. Programu hizi zote ni za watoto wadogo. Sisi vijana tunasomaje? *Msichana wa miaka 18, Mpwapwa.*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umesema kweli, na ni dosari yetu wakutubi: tunawaandalia watoto picha na wazee magazeti, tukawasahau walio katikati. Ukifika maktaba yoyote inayopanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, yaani ule unaokipa kila kitabu namba kulingana na somo lake, usiende kwenye rafu ya vitabu vya mitihani, kwa sababu utaikuta imejaa wenzako. Tafuta mgongo wa kitabu wenye namba 896.392, ambayo ndiyo ya fasihi ya Kiswahili. Anza na riwaya fupi, na ukifika ukurasa wa 30 haijakushika, irudishe bila aibu. Kwa Kiingereza, ambacho ndicho utakachosomea kidato cha tano, chagua kitabu kilicho chini kidogo ya kiwango chako, ukisome bila kamusi, maneno mapya uyaandike pembeni uyatafute baadaye.

Halafu soma tena barua ya Katibu wa Kongwa hapo juu. Katika mtaa wako hawakosekani watoto wawili watatu wa darasa la pili wanaokaribia kusahau silabi zao. Wakusanye chini ya mti saa kumi alasiri, wasomee sura moja kwa sauti, na uikatishe pale panaponoga.