Pikipiki mpya usiiache inanguruma usiku kucha

Pikipiki yangu ya kwanza niliinunua Dar es Salaam asubuhi, jioni nikawa nayo Morogoro. Karibu kilomita 190, shemeji yangu nyuma, gunia la vyombo kwenye keria, na mkono wa mafuta nimeuvuta palepale tangu Kibaha. Nilifika nimevimba kichwa. Miezi minne baadaye ilikuwa inakula oili.

Fundi alifungua plagi: nyeusi, imelowa, inateleza. Aliposhusha kichwa cha injini, juu ya pistoni kulikuwa na ukoko kama wa sufuria ya wali ulioungua. Akaniuliza swali moja tu: "Ilipokuwa mpya uliiendeshaje?"

Silinda mpya haiwi laini kama kioo. Kiwandani huachiwa makusudi mikwaruzo midogo inayopishana, ili ringi za pistoni zisuguane nayo hadi zikamatane sawasawa na ukuta. Kinachozisukuma ringi zibane ni nguvu ya mlipuko juu ya pistoni, na kazi hiyo hufanyika zaidi katika kilomita za mwanzo. Ukikaza mwendo mmoja kwa saa nzima na mzigo mgongoni, joto linapanda, oili inaungulia ukutani na kuacha utando mgumu unaong'aa. Mikwaruzo inaziba. Kuanzia hapo ringi zinateleza tu, oili inapenya juu, inaungua, na masizi yanajijenga kwenye pistoni na valvu. Yakizidi, yanabaki na moto kama makaa; injini inaanza kugonga mlimani, na wakati mwingine ukizima swichi bado inatikisika kidogo kabla ya kunyamaza.

Kijiweni kwetu kuna dawa yao: pikipiki mpya inawashwa, inaachwa inanguruma usiku kucha "ilainike". Wazee wangu, mnanisamehe, lakini hapo hamlainishi kitu. Injini isiyo na mzigo haina nguvu ya kuzibana ringi, na haina upepo wa kuipoza. Mnapata joto na masizi, petroli imekwisha bure.

Ya pili niliipakia kwenye lori. Kitabu chake kilisema nisizidi 45 kwa gia ya juu hadi kilomita 1,000, nikakitii. Lakini sikuibembeleza kupita kiasi: naongeza mafuta kidogo, naachia, nabadili gia, napanda vilima vifupi, nasimama ipoe. Abiria mmoja, mshikaki hapana. Kilomita 500 nikamwaga oili ya kiwandani. Ilikuwa inametameta kwa unga wa chuma. Unga huo ndio sababu oili ya kwanza haisubiri, hata kama hesabu ya bosi inakudai na jamaa wanasema "bado nzito hiyo". Chujio la oili likasafishwa siku hiyohiyo. Niliweka 20W-50 ya pikipiki, yenye JASO MA kwenye kopo, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Ya gari inaweza kuwa na vilainishi vinavyofanya klachi iteleze.

Masizi yana milango mingine pia. Plagi nyeusi lakini kavu, ya unga unga, inasema petroli ni nyingi kuliko hewa: choki imesahaulika, kabureta imefunguliwa sana, au filta ya hewa imeziba vumbi. Wengine wanaing'oa kabisa hiyo filta ili pikipiki "ipumue". Vumbi la barabara za kwetu ndani ya silinda ni msasa. Kuna na petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji Tanzania, walianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha uchakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya mchezo huo, lakini petroli ya chupa za barabarani hujui imepitia wapi. Mimi najaza kituoni.

Moshi nao usome. Mweusi ni petroli. Wa bluu ni oili, huo usiuchekee. Mweupe wa asubuhi ya baridi unaopotea injini ikipata moto, achana nao.

Kama ukoko umeshakaa, kichwa kinashuka, hakuna njia ya mkato. Ulowekwe kwa petroli, ukwanguliwe kwa kipande cha mti mgumu. Simama hapohapo pembeni, na ukiona fundi anachukua bisibisi, mshike mkono: pistoni ni aluminiamu, inachimbika kama sabuni.