Lile "Ee" la Nyanya

Mwanangu,

Jana kwenye simu uliniuliza: Jumatano una shahidi wa macho hapo Nakuru, umhojije hadi ababaike? Mimi sikuwa wakili. Miaka yote nilikaa mbele ya meza ya hakimu nikitafsiri, na niliowaona wakibabaika zaidi ni mawakili. Swali liwe fupi, jambo moja. Nilikuambia ukiwa chuoni, nakuambia tena.

Ni ile kesi ya wizi wa ng'ombe, ambayo mama yako hataki niitaje mezani. Mlalamishi alikuwa nyanya wa Kibukusu, Kiswahili chake cha sokoni tu. Alisema alimtambua mwizi usiku kwa mwanga wa koroboi. Wakili wa utetezi akasimama, Kiingereza kimenyooka kama suruali yake: "Hukuuona uso wake, sivyo?" Nikamgeuzia nyanya. Akajibu, "Ee." Kwetu, ukiitikia swali kama hilo umekubali kwamba hukuona. Nami nikamwambia hakimu ndiyo kwa Kiingereza, "yes", ambayo kwao hapo ni kusema aliuona, nikanyamaza. Wakili akaketi akitabasamu. Hakimu hakuandika swali na jibu, aliandika maelezo kama kawaida yao: niliuona uso wake. Sentensi hiyo niliisikia tena siku ya hukumu. Mshtakiwa akapata miaka saba jela.

Ningesema "sikuuona", yangekwisha. Lakini nilikuwa nimeapa kutafsiri kilichosemwa, na kilichosemwa ni "Ee". Halafu, wakili mwenyewe ni mtu wa huku, alijua tunavyojibu! Angemuuliza nyanya: koroboi ilikuwa wapi? Jikoni au zizini? Wewe ulisimama wapi, yeye wapi? Mahakama ya Rufaa ilikwisha kusema katika kesi ya Maitanyi, 1986, kwamba mambo ya mwanga lazima yachunguzwe: ulikuwa wa aina gani, mkali kiasi gani, ulitoka wapi. Swali fupi, jambo moja. Hakuuliza hata moja. Ila siku zile utetezi uliingia bila kuona taarifa za mashahidi. Wewe Katiba ya 2010, kifungu cha 50, imekupa ushahidi wao mapema. Hapo namhurumia kidogo.

Kosa lilikuwa la nani? Nikitaka kusema ni langu, namwona akitabasamu vile. Nikitaka kusema ni lake, nalisikia lile "Ee". Basi, niache.

Jumatano msikilize mkalimani kuliko shahidi. Akiteleza, simama papo hapo, hata hakimu akikunja uso. Mama yako anauliza kama ndizi zilifika.

Baba