Minazi 28 ya dada yangu

Wiki iliyopita, baada ya sala ya isha, kijana mmoja aliniuliza kama ni salama kumkopesha mtu mtaji wa milioni 3. Sababu yake ya kumwamini ilikuwa moja tu: huyo mtu ni wa dini, haikosi safu ya kwanza. Nilimjibu kwa ufupi, kamuulize mkewe, mdogo wake, na fundi aliyemjengea banda. Akaondoka hajaridhika. Ndiyo maana naandika, kwa ajili yake na kwa wengine wenye swali kama hilo. Je, kumwamini Mungu kunamfanya mtu awe mwema kuliko wengine? Nimekaa na swali hili tangu 2013. Halikunijia kitabuni, lilinijia shambani.

Naishi Bagamoyo. Jioni nafundisha watoto Kurani, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiadhini alfajiri. Nayataja haya ili mjue kwamba yule aliyemdhulumu dada yake kwa miaka minne hakuwa mlevi wala mtoro wa sala. Ni mimi, na katika miaka hiyo yote alfajiri haikunipita.

Baba alifariki 2009. Aliacha nyumba tunayokaa na shamba la minazi upande wa Kaole, miti 160. Warithi tulikuwa wanne: mama, kaka yangu mkubwa, dada yetu aliyeolewa Muheza, na mimi kitindamimba. Anayejua mirathi ya Kiislamu anaipiga hesabu hii bila kalamu. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto anapata thumni, yaani moja ya nane: minazi 20. Inabaki 140. Mtoto wa kiume ana mafungu mawili, wa kike ana moja, kwa hiyo ni mafungu matano na kila fungu ni minazi 28. Kaka 56, mimi 56, dada 28.

Sisi tulimpa mama 20 zake. Zilizobaki tukagawana 70 kwa 70.

Hakuna aliyetamka kwamba tumdhulumu dada. Angekuwepo wa kutamka hivyo, naamini mmoja wetu angeshtuka. Tulichosema ni kwamba dada ana mume wa kumtunza, yuko mbali, minazi inataka mtu wa kuitazama, acha kwanza mambo yatulie. Yakatulia miaka minne. Kila Idi tulimpelekea kiroba cha nazi kwa basi, naye alipiga simu kushukuru.

Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa mkwezi wetu. Ni mzee aliyehamia huku zamani kutoka kusini. Msikitini hajulikani, kanisani hajulikani, na jioni alikuwa haachi tembo la mnazi. Msimu wa kwanza baada ya arobaini ya baba aliangua minazi yote, akashuka, akafungua kamba miguuni, akaanza kupanga nazi chini ya mwembe. Fungu la mama. La kaka. Langu. Kisha akashika nazi moja mkononi, akatutazama, akasema, "Na la yule binti yenu niliweke wapi?" Kaka akamjibu kwamba hilo tutalishughulikia wenyewe. Mzee akaitupa ile nazi kwenye fungu la mama na hakuuliza tena.

Sisemi kwamba kutosali ndiko kulikompa uadilifu. Mzee yule alikuwa na watoto huko kwao aliowaacha wadogo na hakurudi kuwatazama, aliniambia mwenyewe siku moja tukisubiri gari la kubebea nazi. Lakini kwenye nazi, kwa miaka 20 aliyomwangulia baba, hesabu yake haikupungua hata moja. Mtu mmoja anaweza kuwa mnyoofu mahali fulani na kupinda mahali pengine, na aghalabu hao wanaomwona upande mmoja hawajui ule wa pili.

Mwaka 2012 dada alikuja. Mwanawe wa kwanza alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza, kukatakiwa sare, godoro, sanduku na michango. Alikaa barazani na mama, wanasuka ukili, wanazungumza ya kwao. Aliponiita alisema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, nikopeshe laki moja na themanini, nitarudisha tukivuna machungwa." Nikampa. Halafu nikaingia chumbani, nikafungua daftari langu la hesabu, nikaandika kwa wino wa bluu: Dada, deni, 180,000. Nikapiga mstari chini kwa rula. Nilikwenda kusali magharibi nikiwa na utulivu wa mtu aliyetoa.

Pesa zile zilikuwa zake. Zilitoka kwenye nazi zake. Nilimkopesha mali yake na nikamwandikia deni.

Ramadhani ya 2013 nilikuwa napitia sura ya An-Nisaa kwa ajili ya darsa, naisoma kwa sauti kibarazani. Aya ya 7 inasema wanaume wana sehemu katika walichoacha wazazi, na wanawake wana sehemu, kiwe kidogo au kingi. Aya ya 11 na ya 12 zinataja mafungu. Zinazofuata zinasema hiyo ndiyo mipaka ya Mwenyezi Mungu, na zinamtaja anayeivuka na anakokwenda. Aya hizo nazijua kwa moyo tangu nina miaka 12. Mama, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo, akaniomba nimfasirie. Nikamfasiria. Akaendelea kutoa vijiwe, kimoja, kingine. Kisha akasema bila kuinua uso, "Zangu 20 mlizihesabu sawasawa, baba. Hesabu iliwashindaje ilipofika kwa mwenzenu?"

Sikuwa na la kujibu, na mpaka leo sina. Tungeweza kudai hatukuijua sheria, lakini zile 20 za mama zilikuwa ushahidi kwamba tuliijua vizuri sana. Tofauti ilikuwa moja. Mama tulikuwa tunamwona kila asubuhi, tungemtazamaje? Dada alikuwa Muheza.

Tangu siku ile nikaanza kusoma watu wengine wamesema nini kuhusu jambo hili, na mawili yamenikaa. La kwanza ni la Marekani. Mwaka 1973 watafiti wawili, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari huko Princeton. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kwenda kutoa mazungumzo, na baadhi yao mada yao ilikuwa ile ile habari ya Msamaria Mwema. Njiani aliwekwa mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kuguna. Kujiandaa kuhubiri Msamaria Mwema hakukuleta tofauti ya maana. Kilicholeta tofauti ni haraka. Kati ya walioambiwa wamechelewa, 1 katika 10 ndiye aliyetoa msaada. Kati ya wasio na haraka, walikuwa zaidi ya nusu.

La pili ni la Marrakesh, Moroko, lilichapishwa 2015. Wenye maduka walipewa nafasi ya kuchagua kati ya pesa zao wenyewe na sadaka. Walioulizwa wakati adhana inasikika walichagua sadaka zaidi kuliko walioulizwa wakati adhana haisikiki. Watu wa aina moja, imani moja, maduka yale yale. Mimi ni mwadhini, kwa hiyo habari hii niliisoma mara tatu. Sauti ninayoitoa ina kazi kweli. Lakini kazi hiyo inafanyika wakati sauti iko sikioni, na dakika chache baadaye mtu amerudi kwenye mizani yake kama alivyokuwa.

Hapo ndipo nilipofikia ninaloliamini sasa. Imani haimtengenezi mtu kwa kukaa tu kifuani. Inamtengeneza pale inapoletwa karibu na mkono, saa ile ile mkono unapogawa, unapopima, unapoandika deni. Nilipokuwa chini ya mwembe na nazi zimepangwa mafungu matatu, An-Nisaa ilikuwa msikitini. Aliyekuwepo pale ni mzee na nazi mkononi.

Mji wetu ulipaswa kutufundisha hili zamani. Waliomiliki watumwa hapa Bagamoyo walikuwa watu wa kusali, na waliokuwa wakisafirisha watumwa kuvuka Atlantiki kwa karne nyingi walikuwa watu wa kanisani. Utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka 1922. Lakini katika mji huu huu, mtoto aliyeletwa mtumwa kutoka Manyema, ambako leo ni Kongo, alisoma dini akiwa katika nyumba ya bwana wake, akawa Sheikh Ramiya, kiongozi wa tarika ya Kadiria, njia mojawapo ya kisufi, aliyefariki 1931 akiwa na wanafunzi waliotoka kila tabaka. Nao mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868, wakawakomboa watumwa kwa fedha na kuwajengea kijiji. Dini ile ile ilisali kando ya mnyororo na dini ile ile ikampa mtumwa mahali pa kukaa juu ya bwana. Anayesema dini haifanyi kitu hajatazama, na anayesema dini peke yake inatosha naye hajatazama.

Nirudi kwa dada. Mimi na kaka, kila mmoja alikuwa amekula minazi 14 ya dada. Minazi yetu ni mikongwe, nilikadiria nazi 40 kwa mti kwa mwaka. Miti 14 kwa miaka minne ni nazi 2,240, na kwa wastani wa shilingi 300 niliouzia ni 672,000. Nilipanda basi hadi Muheza na fedha hizo, pamoja na karatasi ya minazi 14 iliyosainiwa mbele ya mama na mjumbe. Dada alilia. Hakunishukuru, na nilifurahi kwamba hakunishukuru. Aliniuliza tu, "Ulijua siku zote?" Nikamwambia ndiyo.

Kaka hakukubali. Yeye ni msomi kunizidi, ana hoja kunizidi, na mjadala wetu ulituchukua miaka miwili bila kutembeleana vizuri. Wakati huo habari za bandari mpya zilikuwa zimepandisha bei ya ardhi, madalali wanapita Kaole kila wiki. Mwaka 2015 akapata mnunuzi wa kipande chake, na mnunuzi huyo alikuwa makini: alitaka muhtasari wa kikao cha familia, barua ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo, na saini za warithi wote. Saini ya dada ikahitajika. Minazi 14 iliyobaki ikarudi wiki ile ile. Nusu ya haki ya dada yangu ilirudi kwa hofu ya Mungu na nusu kwa sababu ya karatasi, na dada anasema minazi yote inazaa sawa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa yule kijana ni kwamba sijida ya mtu ni baina yake na Mola wake, wewe usiifanye dhamana. Rozari pia. Ukitaka kujua kama dini imemfikia mtu, waulize wasioweza kumfanya lolote: binti wa kazi kama analipwa mwisho wa mwezi au anaambiwa asubiri, kibarua wa shamba, mdogo wake wa kike. Uliza mirathi ya baba yao iligawanywaje. Hapo watu wengi hunyamaza, na ukimya nao ni jibu. Na mkopo uandike, mbele ya mashahidi, hata akiwa imamu. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Al-Baqara, inahusu kuandika deni, na haikuwatoa wacha Mungu.

Vilevile asiyeonekana msikitini usimwandikie uovu kabla hujamwona akigawa.

Kama wewe ni mtu wa sala kama mimi, tafuta mahali ambapo dini inakugharimu fedha, ukaanzie hapo. Sala haikunigharimu kitu, nilipenda kuamka mapema tangu utoto. Minazi 14 ilinigharimu. Mtume aliwaeleza masahaba kwamba muflis, yaani aliyefilisika, wa umati wake ni yule atakayekuja na sala, saumu na zaka, huku amemtukana huyu na amekula mali ya yule, mema yake yakachukuliwa kuwalipa mpaka yakaisha. Wakristo wanao waraka wa Yakobo, unaosema hata mashetani huamini na kutetemeka. Hatukukosa kuambiwa.

Na kama wewe ndiye dada wa Muheza, usingoje kaka zako waguswe na darsa. Nenda mahakama ya mwanzo, omba kujua nani ni msimamizi wa mirathi, dai hesabu yake. Hilo si kuvunja udugu. Fungu lako limetajwa kabla hujazaliwa.

Daftari lile bado ninalo. Mstari wa deni nimeukata lakini ukurasa sikuuchana. Ninapowafundisha watoto mirathi natumia minazi 160, mjane mmoja, wavulana wawili na msichana mmoja. Huwa wanapata 28 haraka, wengine kwa vidole. Wakishapata nawauliza la pili: huyo msichana anakaa wapi, na nani kati yenu atampelekea?