Mashine ya gemu ipitie kwenye risiva au iende moja kwa moja kwenye televisheni?

SWALI: Nina PlayStation 5, televisheni ya 4K inayofikia Hz 120 (picha 120 kwa sekunde), na risiva ya sinema ya nyumbani (kifaa kinachopokea sauti na picha na kuendesha spika) ya mwaka 2016 yenye spika tano na sabufa. Nilipopitisha mashine kwenye risiva, sauti ilizunguka vizuri chumba kizima, lakini picha ya Hz 120 haikupatikana. Nilipoichomeka mashine moja kwa moja kwenye televisheni na kurudisha sauti kwenye risiva kwa kebo ya mwanga, Hz 120 ilipatikana, ila sauti sasa ni ya chaneli mbili na maneno yanachelewa midomo ya wahusika. Je, ni lazima ninunue risiva mpya?

JIBU: Si lazima, angalau kwa sasa. Matatizo yako ni mawili na vyanzo vyake ni tofauti: la kwanza linatokana na umri wa risiva na halina dawa, la pili linatokana na mipangilio na linatibika.

Risiva za mwaka 2016 zina HDMI 2.0, toleo la muunganisho wa HDMI ambalo hubeba gigabiti 18 kwa sekunde. Kiasi hicho kinatosheleza picha ya 4K ya Hz 60, lakini 4K ya Hz 120 inahitaji HDMI 2.1, ambayo maelezo yake rasmi yalitolewa Novemba 2017, yaani baada ya risiva yako kutoka kiwandani. Kabla ya kutuma picha, mashine huuliza kifaa kilicho mbele yake kinaweza kupokea nini. Risiva inapokuwa katikati, jibu linalofika haliwezi kuzidi uwezo wa risiva yenyewe, hata kama televisheni iliyo nyuma yake inaweza zaidi. Ndiyo maana kubadilisha kebo hakutakusaidia, wala kusasisha programu ya risiva.

Sasa tuje kwenye sauti. Kebo ya mwanga hubeba ama PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa) ya chaneli mbili, ama sauti ya 5.1 (chaneli tano na moja ya sabufa) iliyobanwa kwa mfumo wa Dolby Digital au DTS. Haiwezi kubeba PCM ya chaneli sita. Kwa maelezo yako, ninashuku kwamba mashine inatuma PCM, au televisheni imewekwa itoe PCM, na kwa hiyo chaneli zote zinakunjwa kuwa mbili kabla hazijaifikia risiva.

Ningekushauri uiache kebo hiyo na utumie ARC, yaani njia ya kurudisha sauti kupitia kebo ya HDMI. Zima vifaa vyote, kisha chomeka kebo ya HDMI kutoka tundu la kutolea picha la risiva hadi tundu la televisheni lililoandikwa ARC au eARC (toleo jipya la ARC), kwa kuwa matundu mengine ya televisheni hayafanyi kazi hiyo. Mashine nayo ichomekwe kwenye tundu jingine linalokubali Hz 120, kwa kebo iliyokuja nayo kwenye boksi. Kwenye menyu ya risiva, washa udhibiti wa HDMI, unaoviruhusu vifaa kuamrishana, pamoja na ARC, na kwenye televisheni uwashe udhibiti huohuo, ambao kila mtengenezaji huupa jina lake. Watu wengi huuzima kwa sababu vifaa huanza kuwashana vyenyewe, kisha wanashangaa kwa nini ARC imekufa.

Hatua inayofuata ndiyo inayosahaulika zaidi. Kwenye televisheni, tafuta mpangilio wa sauti ya kidijitali inayotoka, uondoe PCM na uchague sauti ipite kama ilivyo. Televisheni nyingi huandika Bitstream au Pass Through. Kwenye PlayStation 5, ingia sehemu ya sauti, taja kwamba sauti inakwenda kwenye amplifaya yenye chaneli 5.1, kisha upe Dolby kipaumbele badala ya Linear PCM. Usichague DTS, kwa kuwa baadhi ya televisheni za miaka ya karibuni haziipitishi.

Kwa nini usiendelee na PCM, ambayo haijabanwa? Kwa sababu ARC ya kawaida haina nafasi hiyo. PCM ya chaneli sita, kwa biti 16 na kHz 48, inahitaji takriban megabiti 4.6 kwa sekunde, ilhali Dolby Digital haizidi kilobiti 640. Mzigo ule mkubwa unabebwa na eARC, iliyokuja pamoja na HDMI 2.1, na ni lazima iwepo pande zote mbili. Televisheni yako huenda inayo, lakini risiva ya 2016 haina.

Ukimaliza, usiamini masikio peke yake. Risiva nyingi zikipokea chaneli mbili huzisambaza zenyewe kwenye spika zote, hivyo spika za nyuma kulia si ushahidi wa kitu. Bonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti na usome kioo cha risiva ishara inayoingia ni ipi: panapaswa kuandikwa Dolby Digital 5.1, si PCM 2.0. Kisha fungua gemu, simamisha mhusika kando ya moto au maporomoko ya maji, na umzungushe polepole mpaka kitu hicho kiwe nyuma yake. Sauti inapaswa kuhama spika hadi spika na kuacha za mbele karibu kimya.

Kuhusu kuchelewa, sauti inabanwa na mashine, inapita kwenye televisheni, kisha inafunguliwa na risiva, na kila kituo kinakula muda wake. Televisheni ikiwa katika hali ya gemu huharakisha picha, na pengo likaonekana zaidi. Weka ucheleweshaji wa sauti kuwa sifuri kwenye televisheni na kwenye risiva pia; mpangilio huo wa risiva huongeza tu muda wa kusubiri, hauwezi kuivuta mbele sauti ambayo tayari imechelewa. Kitakachobaki huwa kidogo, ingawa wachezaji wa gemu za muziki na za mapigano watakihisi.

Kwa hao, na kwa yeyote ambaye gemu zake hazifiki Hz 120, ambazo bado ni nyingi, mimi ningerudi kwenye mpango wako wa kwanza: mashine kwenye risiva, sauti ya PCM isiyobanwa, picha ya 4K kwa Hz 60. Hakikisha tu umechomeka kwenye tundu linalokubali HDCP 2.2 (kinga ya picha dhidi ya kunakiliwa), kwa kuwa si matundu yote ya risiva za miaka ile yanayokubali, na kwamba tundu hilo limefunguliwa gigabiti zote 18 kwenye menyu. Risiva kadhaa hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa nusu ya uwezo huo, na mwenye nayo hulaumu mashine kwa kukosa rangi za HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi.

Siku utakapoamua kununua nyingine, iwe na HDMI 2.1 na eARC, na usome gigabiti za kila tundu, kwa kuwa mara nyingi si yote yanayolingana. Ikiwa ni iliyokwishatumika, kuwa mwangalifu na za mwaka 2020: baadhi ya risiva za kwanza zenye HDMI 2.1 zilikuwa na kasoro ya chipu iliyofanya skrini iwe nyeusi zilipopokea 4K ya Hz 120 kutoka mashine ya gemu ya Xbox Series X. Mwombe muuzaji aichomeke mashine ya gemu na kuonyesha 4K ya Hz 120 kabla hujalipa.